Mlango Unaotaka Shikamoo

1

Mlango wa Jengo la Vali ulimkatalia Tusajigwe mara ya kwanza, ukamkatalia mara ya pili, na mara ya tatu ukamwambia kwa upole wa kuudhi: "Tafadhali rudia kwa moyo."

"Kwa moyo?" Tusajigwe akaubetulia midomo. "Moyo nimeuacha nyumbani unachemsha maharage. Figo utachukua?"

Foleni nyuma yake ikaangua kicheko, halafu ikakumbuka kwamba inapigwa na baridi, ikanuna. Ukungu wa Tukuyu ulikuwa umeshuka hadi magotini, na kila mtu ameshika kadi yake mkononi kama mtoto aliyetumwa dukani na kuonywa asipoteze kitu.

"Tusi, mwamkie huyo bwana tuingie," akasema Gwakisa wa stoo, aliyesimama nyuma yake akipuliza viganja. "Wenzio tunageuka barafu hapa."

"Bwana gani? Mimi naona mbao na bawaba."

"Chuma," Gwakisa akamsahihisha. "Mheshimu kidogo, ni chuma."

Mama yake alimpa jina Tusajigwe, yaani tumebarikiwa, akalifupisha Tusa. Wenzake kituoni walikaa na mdomo wake wiki moja tu, wakaona herufi ya mwisho imekosewa.

Akafumba macho. Akamfikiria bibi yake, akafikiria ugali wa moto, akafikiria chochote kile ilmradi isiwe sura ya Mkurugenzi. Akaibandika kadi ukutani. "Shikamoo."

Mlango ukatafakari. Ukanguruma kidogo tumboni. "Barahaba," ukasema, ukafunguka.

Ndiyo, barahaba, kwa b. Siku ya kurekodi sauti ya milango yote ya Kituo cha Mvuke cha Lwifwa, Injinia Ambakisye, Mkurugenzi mwenyewe, alikuwa na mafua ya kuziba pua zote mbili. Wataalamu wakamshauri asubiri apone. Akasema hapana, sauti hiyo ina uzito. Basi tangu siku hiyo watu wazima wenye akili zao, wengine wana wajukuu, walikuwa wakiamka alfajiri, wakiupanda mlima, na kwenda kuuamkia ukuta wenye kamasi.

Waliouza mfumo walikuwa na hoja, na hoja yenyewe haikuwa ya kijinga, jambo lililomuudhi Tusa zaidi. Nywila, walisema, watu wanaziandika kwenye karatasi na kuzibandika kwenye kompyuta ileile. Kidole kinanakiliwa kwa gundi. Uso unatengenezwa na mwanafunzi yeyote mwenye simu nzuri. Kadi ya kawaida inaibwa, inaazimwa, inafuliwa ndani ya suruali. Lakini neno shikamoo mtu amelisema tangu akiwa mgongoni, kabla hajajua maana yake, kwa hiyo limejikunja kooni kwake kwa namna yake peke yake na hakuna mwingine awezaye kulikunja vile. Tena lina faida ya ziada: mwizi hawezi kuamkia vizuri. Aliyeshikiwa kisu mgongoni hawezi. Mlevi ndiyo kabisa. Kwa hiyo kadi ikigusa ukuta, chipu iliyomo inautolea mlango nakala ya shikamoo ya mwenye kadi, mlango unasikiliza ile iliyotoka mdomoni, unalinganisha, kisha unapima kitu walichokiita Kiwango cha Unyenyekevu. Ukifaulu, unaitikiwa. Ukifeli, unarudia kwa moyo.

Kituo kinachowasha taa za nusu ya nchi tangu mabwawa yakauke hakiwezi kuachwa wazi kwa kila mpita njia. Hilo Tusa alilielewa. Asichokielewa ni kwa nini lichaguliwe neno hilo. Nanasi nalo watu wanalitamka tangu utotoni. Ila hakuna mkurugenzi anayesisimka akiambiwa nanasi.

Pembeni, kwenye kona ambako mtandao ulikuwa unashika, mwanamke wa makamo aliyejifunga khanga juu ya ovaroli alikuwa akipiga kelele kwenye simu.

"Shikamoo mama! Nasema shikamoo! SHIKAMOO!" Akasikiliza. Uso ukamlegea, akawa kama msichana. "Ee. Ee, mama. Nimelala salama. Uji umekunywa?"

Huyo ndiye Mama Lugano, msimamizi wa zamu ya vali, zile koki kubwa za kufungia mvuke. Mama yake alikuwa kikongwe wa kule Masoko, masikio yameshachoka, na kila asubuhi ilibidi aamkiwe kwa awamu mpaka sauti ifike. Kona ile ilikuwa hatua chache tu kutoka mlangoni, lakini mlango haukufunguka hata siku moja kwa shikamoo zile, maana kadi ya Mama Lugano ilikuwa imezama mfukoni, na mlango bila kadi ni bubu.

Alipomaliza kuongea akaja nyuma ya Gwakisa. Gwakisa akaimwaga shikamoo yake, tamu kama ya mkwe aliyekuja kuomba shamba, na mlango ukaitikia hata kabla hajaimaliza. Akauzuia kwa buti. Mama Lugano akapita.

"Mwili mmoja haujaamkia," mlango ukalalamika.

"Na hautaamkia," akasema Mama Lugano bila kugeuka. "Penga kamasi kwanza."

2

Kazi ya Tusa ilikuwa Dawati la Kadi. Yeye ndiye aliyerekodi shikamoo za waajiriwa wapya, na yeye ndiye aliyeua kadi za walioacha kazi. Kuua ndilo neno la mfumo wenyewe, kulikuwa na kitufe chekundu kimeandikwa hivyo kabisa, na kikibonyezwa kinauliza "Una uhakika?" kama vile mtu anayeua huwa hana.

Ijumaa ile wageni wa Bodi walikuwa wanakuja. Wakiridhika, mfumo ungepelekwa kwenye ofisi zote za mkoa: ungeuamkia mlango ukienda kulipia maji, ungeuamkia mlango ukienda kuchukua cheti cha kuzaliwa cha mtoto. Mkurugenzi akatoa tangazo kwamba kadi yoyote ambayo haijawahi kuamkia hadi Ijumaa itauawa. Na kadi siyo mlango wa kazini tu. Kadi ndiyo kantini, ndiyo zahanati, ndiyo nyumba za wafanyakazi zilizojipanga pale mteremkoni. Kadi ikifa, mtu anabaki na viatu vyake.

Kwenye skrini ya Tusa kadi zote zilikuwa za kijani. Moja tu ilikuwa nyekundu.

Akamfuata kantini. Mama Lugano alikuwa na chai ya maziwa na kipande cha kiazi, anakula taratibu kama mtu asiye na Ijumaa mbele yake.

"Mama, ule ni mlango tu," Tusa akaanza. "Sema, upite, uende zako. Mimi mwenyewe nauamkia huku nautukana moyoni."

"Ndiyo maana unakukataa mara tatu."

"Lakini ya nne unanikubali."

"Kwa kuwa ya nne unakuwa umeshakushinda." Mama Lugano akapuliza chai. "Sikia mwanangu. Yule Ambakisye ni mtoto wa dada yangu. Mimi ni mama yake mdogo. Dada alipokwenda chuo cha ualimu, nani alikaa naye? Nilimbeba, nilimwogesha, na kamasi hizohizo nilizipenga kwa mkono huu. Leo nimwamkie?"

"Siyo yeye, ni mashine."

"Kama ni mashine, kwa nini inataka shikamoo? Mbona mashine ya kusaga haitaki?"

Tusa akashika njia nyingine. "Watakutoa, mama. Na nyumbani pia."

"Najua." Mama Lugano akaitazama chai. Kwa mara ya kwanza Tusa akaona hofu pale, imekaa chini kabisa, imetulia. "Nikitoka hapa sina pa kwenda zaidi ya kwa mama, na kwa mama paa lenyewe linavuja. Lakini neno hili ni langu. Nampa ninayemtaka. Sasa nikilitoa kwa kuogopa paa, kesho nikimpigia mama, nitampa nini?"

Akamalizia kiazi. Tusa akarudi dawatini akiwa amekasirika, na hakujua hasira hiyo aielekeze kwa nani, kwa hiyo akaielekeza kwa kompyuta.

Alasiri Mkurugenzi akatokea. Hakuja kwa mlango mkubwa; alipanda ngazi za nje, zile za kukimbilia moto ukiwaka, akaingia anahema, tai imehamia begani. Alikuwa kijana mwenye kitambi cha haraka, na kadi yake ilikuwa ya dhahabu, inaning'inia shingoni kama medali ya mashindano aliyoshiriki peke yake.

"Shikamoo, Injinia."

"Marahaba, Tusajigwe." Bila mafua sauti yake ilikuwa nyembamba, na Tusa akashtuka kidogo, kama amekutana na mtu mwingine.

Akavuta kiti. Akaangalia mlango. "Mama mdogo amekubali?"

"Hajakubali."

"Umemwambia atapoteza nyumba?"

"Anajua. Sasa Injinia, si umfuate wewe mwenyewe? Ni mama yako. Mwamkie, mkae, muongee."

Mkurugenzi akaishika kadi ya dhahabu, akaifunika kwa kiganja kama mtu anayemziba mtoto masikio. "Siwezi," akanong'ona. "Kadi hii ndiyo mzizi wa mfumo mzima. Inasikiliza muda wote, na milango inasikiliza. Ikinisikia namwamkia mtu wa daraja la chini, mfumo unaandika kwamba nimekuwa chini yake. Milango yote inabadilika. Mpaka waje wale wataalamu kurekebisha, na wageni ndio hao Ijumaa."

"Kwa hiyo..."

"Kwa hiyo napita nyuma."

Tusa akaelewa. Miezi yote hii Mkurugenzi hakuwa anapanda ngazi za moto kwa ajili ya mazoezi, kama alivyowatangazia kwenye mkutano wa afya mahali pa kazi. Alikuwa anamkimbia mama yake mdogo, kwa kuwa akikutana naye mdomo ungefunguka wenyewe na shikamoo ingetoka kabla hajaizuia. Mtu alikuwa amenunua mashine ya kuheshimiwa, na sasa hawezi kumheshimu aliyemlea. Tusa alitamani kucheka mpaka ashike ukuta. Lakini kitufe chekundu kilikuwa pale pale kwenye skrini, na hakikuwa na utani.

"Si umsamehe tu kwa sahihi yako?"

"Watasema ninabeba ndugu. Na nikimtoa, Bibi kule Masoko hatanisemesha tena mpaka naingia kaburini." Akasogeza kiti. "Kuna Salamu ya Akiba. Si unaijua?"

Tusa aliijua. Iliwekwa kwa ajili ya waliopata donda la koo. Unachagua shikamoo moja halisi ya mtu huyo, unaihifadhi kwenye kadi, naye akigusa ukuta, mlango unaitoa kwa spika yake wenyewe, walio karibu wasikie kwamba heshima imetolewa, kisha unaitikia.

"Ile inataka ridhaa ya mwenyewe."

"Nitaridhia mimi kama ndugu."

"Na hiyo shikamoo yake tutaitoa wapi? Hajawahi kuutolea mlango."

Mkurugenzi akatazama dari. "Milango inasikiliza," akarudia, na safari hii hakunong'ona. "Anampigia Bibi kila asubuhi, hatua chache kutoka pale. Zote zimo." Akasimama, akanyoosha tai. "Hakuna atakayeumia, Tusajigwe. Atabaki na kazi, atabaki na nyumba, hatajua. Au bonyeza hicho chekundu. Nakuachia wewe, wewe ndiye unampenda."

Akatoka kwa ngazi za moto. Jamani, mtu mzima anashuka ngazi za chuma kwa kunyata.

Tusa akakaa. Akajiambia hatafungua. Akafungua.

Asubuhi za Mama Lugano zilikuwa zimejipanga kwenye kompyuta kama vitambaa kwenye kamba. Akazisikiliza moja baada ya nyingine, sauti chini, kama mtu anayesikiliza kwenye tundu la ukuta wa jirani. Kulikuwa na shikamoo za haraka siku za mvua. Shikamoo za kucheka. Moja imeanza na kukohoa. Halafu kukawa na asubuhi nyingi ambazo simu ilipokelewa na sauti ya mtu mwingine, na Mama Lugano akawa anauliza tu, "Amefumbua macho?" Kisha ikafuata asubuhi moja ambayo kikongwe mwenyewe alipokea. Mama Lugano hakupiga kelele siku hiyo. Kwanza ilisikika pumzi tu. Kisha akasema, "Shikamoo mama," sauti imepasuka katikati kama chungu.

Tusa akaiingiza kwenye kipimo. Kiwango cha Unyenyekevu kikapanda mpaka juu kabisa ya skrini, mahali ambapo hakuna mtu yeyote pale mlimani aliyewahi kufika, hata Gwakisa kwa sukari zake.

Mfumo ulitaka neno moja tu. Kwa hiyo ikabidi amkate mama. Akaweka alama mwishoni mwa shikamoo, akabonyeza, na neno mama likadondoka, likabaki shikamoo peke yake, imesimama mahali haina mtu mbele yake.

Mtu kama Tusa, ambaye kila kitu kwake ni cha kukejeli, ana shida moja: likija jambo ambalo halifai kukejeliwa, hana chombo kingine. Akajaribu kejeli. Akasema kwa sauti, "Basi Mlango, leo umepata mama." Haikuchekesha. Akahifadhi.

Alhamisi akamwendea Mama Lugano kabla ya zamu. "Nimekuombea, mama. Wamekubali. Kesho utagusa tu kadi ukutani. Husemi kitu."

"Sisemi kitu?"

"Husemi kitu kabisa."

Mama Lugano akamshika bega, akalibana. "Nilijua mdomo wako utakuja kumsaidia mtu siku moja." Mchana akamletea parachichi mbili zilizoiva vizuri, zimefungwa kwenye gazeti. Tusa alikula moja. Nyingine ilimshinda.

3

Wageni wa Bodi walikuwa watatu, wamevaa makoti ya kung'aa yaliyotolewa kwenye mifuko asubuhi ileile, mikunjo bado imesimama. Mkurugenzi aliwapanga mbele ya Jengo la Vali kama anapiga nao picha ya harusi. Tusa alisimama kando na kishikwambi, kazi yake ni kuonyesha rangi za kijani zikiwaka.

"Tazameni sasa," Mkurugenzi akasema. "Hapa hakuna nywila. Hapa kuna maadili."

Mgeni mmoja akaandika neno maadili.

Foleni ikapita. Shikamoo, barahaba. Shikamoo, barahaba. Gwakisa, kwa kuwa kulikuwa na wageni, alipiga goti kidogo, na mlango ukamwitikia kwa furaha kiasi kwamba mgeni mwanamke akapiga makofi. Tusa alitamani ardhi ifunguke, siyo immeze yeye, immeze Gwakisa.

Mama Lugano alikuwa kwenye kona yake na simu. Mkurugenzi akamwona, na shingo yake ikaingia kwenye kola. Safari hii hakukuwa na ngazi za moto za kukimbilia. Wageni walikuwa upande huu na ukuta upande ule. Mama Lugano akafunga simu, akaitumbukiza ndani ya blauzi, akatoa kadi mfukoni kwa mara ya kwanza mbele ya mlango ule, na alipompita Tusa akamkonyeza. Alimkonyeza kabisa, kama wasichana wawili waliomzidi mwalimu ujanja.

Akaigusisha kadi ukutani, mdomo ameufumba.

Na sauti yake ikatoka ukutani.

"Shikamoo."

Ilikuwa imepasuka katikati. Spika ya mlango ilikuwa nzuri, ya gharama. Pumzi iliyotangulia nayo ilisikika. Watu kwenye foleni wakaugeukia ukuta. Hata wageni, ambao hawakujua chochote, waliacha kuandika.

"Barahaba," mlango ukaitikia kwa sauti ya mtoto ambaye Mama Lugano alimpenga kamasi, na ukafunguka mpaka mwisho, kuliko ulivyowahi kumfungukia mtu.

Mama Lugano hakuingia. Mkono wake ulibaki ukutani. Tusa aliona jinsi anavyoitafuta asubuhi ile kichwani, na aliona anapoipata.

"Hii ni ya siku mama alipozinduka," akasema polepole. Hakuwa anamuuliza mtu.

Kisha akageuka, na uso kwa uso alikuwa na mtoto wa dada yake. Mkurugenzi akafungua mdomo. Kila mtu aliliona neno likipanda, midomo imeshajipanga kwa ile sauti ya kwanza, shavu limeshalegea kama la mtoto aliyeitwa na mama yake. Mkono ukaruka ukaifunika kadi ya dhahabu. Akawatazama wageni. Akautazama mlango, uliokuwa wazi na unasikiliza.

"Habari za asubuhi," akasema.

Kuna mzee kwenye foleni aliguna kama amekanyagwa. Habari za asubuhi! Kwa mama yake mdogo, mbele za watu, kama vile anamsalimia muuza vocha.

"Nzuri, Mkurugenzi," Mama Lugano akajibu. Alimwangalia kidogo tu, jinsi mtu anavyoangalia sahani iliyoanguka, akishajua haiungiki, akamwacha. Macho yakahamia kwa Tusa, na hapo yakakaa.

"Ulisema sisemi kitu."

"Mama, nilitaka ubaki. Nilitaka tu..."

"Nilimwambia mama yangu." Sauti ilikuwa ya chini, ya kawaida, kama wapo mezani na chai. "Nilisema shikamoo mama. Hapa nimesikia shikamoo. Yule mama umemkata ukamtupa wapi?"

Tusa, Tusi, yule ambaye hakuwahi kukosa neno hata mbele ya mwalimu mkuu, alisimama na kishikwambi kinachowaka kijani tupu, hana hata silabi. Mgeni mwanamke akamuuliza Mkurugenzi kwa kunong'ona kama hii ni sehemu ya maonyesho. Mkurugenzi akasema ndiyo.

Mama Lugano akaishusha kadi ukutani, akaivisha kamba yake kwenye kitasa cha mlango, akaiweka sawa isining'inie vibaya. "Imeshaingia kazini," akasema. "Haya, mfanye kazi." Akajifunga khanga upya na kuteremka kuelekea lango kuu.

Tusa akamtupia Gwakisa kishikwambi na kumkimbilia. Lango lilikuwa na vyuma virefu, na kutoka hakukuwa na masharti yoyote. Ni kuingia tu ndiko kulikotaka heshima. Alipofika, lango lilikuwa limeshajifunga na Mama Lugano yuko upande wa pili, anashuka barabara ya vumbi jekundu kwa mwendo wa mtu ambaye hajaamua aende wapi kwanza, nyumbani kufungasha au moja kwa moja kwa mama.

"Mama Lugano!"

Akasimama, hakugeuka.

Tusa akajibana kwenye vyuma. Alikuwa na mengi ya kusema. Alikuwa na sababu, alikuwa na paa linalovuja, alikuwa na Mkurugenzi wa kumtupia lawama, na lawama zilimfaa kweli. Yote yakagongana mdomoni. Neno moja tu likapata nafasi ya kupita, likatoka limechanika, bila kejeli, bila utani, huku machozi yameshamfika kidevuni.

"Shikamoo, mama."

Mama Lugano akageuka. Akamwangalia. Midomo yake ikafunguka, na Tusa akangoja.

Lakini kadi ya Tusa ilikuwa shingoni mwake, na kifua chake kilikuwa kimebanwa kwenye nguzo yenye mashine ya kusoma kadi.

"Barahaba!" lango likaitikia kwa sauti kubwa, likafunguka lote.

Mama Lugano akalitazama lango, akamtazama Tusa.

"Umeshaitikiwa," akasema, akaendelea kushuka.